Nikimshuku Mume Wangu, Anasema Ni Ugonjwa

Admin, nifichie jina na soko ninalofanyia kazi, kwa sababu dada ya mume wangu anafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, fundi wa cherehani. Nilizaliwa upande wa Kehancha, nikaolewa na Mjaluo huku Homa Bay, si mbali na Asumbi. Tuna mtoto mmoja, msichana wa miaka tisa, nimwite Sharon. Nyumbani tunaongea Kiswahili, maana Dholuo yangu ni ya kununulia samaki tu.

Mwaka jana nilikuwa nakata kitambaa, moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikakatika, nikajua leo ndiyo leo. Hospitali walipima moyo na damu, wakasema niko sawa. Ikanishika tena kanisani, kisha kwenye foleni ya maji, mpaka nikaacha kutoka nje. Mama mkwe akasema nimetupiwa kitu. Mwishowe daktari mmoja alinikalisha akaniambia, "Mama, huu ni ugonjwa wa wasiwasi. Mwili wako unapiga nduru kama mwizi ameingia, na bomani hakuna mwizi. Hautakuua, na unatibika." Akanianzishia vidonge, akanipeleka kwa kaunsela. Huyo alinifunza kutoa pumzi polepole, na kujiuliza kabla sijaamini hofu yoyote: hili nimeliona kwa macho, au ni moyo tu unasema? Nilipona kiasi cha kurudi kwa cherehani yangu.

Baba Sharon aliingia nami kwa kaunsela siku moja, akayasikia hayo. Tangu hapo ameyageuza fimbo. Nikimuuliza mbona amechelewa, ananijibu, "Umeona kwa macho, ama ni moyo?"

Sitaficha kosa langu. Wakati mmoja nilishikwa nikiepua sufuria ya uji, uji ukamwagika, Sharon akaungua mguu. Alipona, lakini kovu liko, na najua baba yake analiona kila siku kama ninavyoliona mimi.

Sasa miezi miwili hii, dada yake anayeishi Migori mjini anapiga simu sana. Mume wangu anauza dawa za mifugo kwa pikipiki, na Migori anafika kila wiki. Wakiongea na mama yake ni Dholuo, nikiingia wananyamaza. Nasikia tu "Sharon" na "skul". Nikiuliza, ananiangalia kwa huruma ambayo siiamini. "Mama Sharon, umemeza dawa leo?"

Jumamosi iliyopita nilikuwa natafuta kalamu kwenye begi lake, nikakuta yunifomu mpya, rangi ambayo shule zetu za huku hazivai. Nilichukua futi yangu nikapima kiuno, mabega, urefu. Mimi ndiye hushonea mtoto wangu nguo tangu azaliwe. Vilikuwa vipimo vya Sharon.

Nikamuuliza ni ya nani. Akasema, "Ya mtoto wa dada."

"Mtoto wa dada yako yuko sekondari. Amenizidi urefu."

Alitoa simu akanielekezea. "Endelea tu kuongea, nirekodi daktari aone vile uko." Na sikuwa nimepaza sauti. Nilikuwa nimeketi, sketi ya ile yunifomu iko mapajani. Nikanyamaza, na nikaona hata kunyamaza kwangu kunarekodiwa.

Jumapili nikimsuka Sharon nilimuuliza taratibu kama kuna mahali anaenda. "Waya alisema nisikuambie, utashikwa," akasema. Waya ni shangazi yake, yule wa Migori. "Alisema nitasomea kwao mpaka upone."

"Na ni nani mwingine anajua?"

"Daddy na dana." Dana ni nyanya yake, mama mkwe wangu.

Nilimaliza kumsuka. Mikono ilikuwa baridi, lakini sikushikwa.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nimempigia kaunsela simu, anasema tukae wote watatu, yeye, mimi na mume wangu, tuongee kabla mtoto hajahamishwa. Baba Sharon amekubali, lakini anasema tukae wiki ijayo, yaani mtoto akiwa ameshaenda. Kaka yangu wa Kehancha naye anasema nimlete Sharon kwao kabla ya Ijumaa, mengine yataongelewa na wazee. Lakini nikiondoka na mtoto, ile video itaonyeshwa ukoo mzima, waseme mgonjwa ameiba mtoto. Na nikikaa kimya, nani atasema nimepona? Daktari? Au wao?

Kuna saa najiambia labda anaogopa tu mtoto asiungue tena, na baba ana haki ya kuogopa. Kuna saa naona wanaanza na mtoto, mwishowe nirudishwe kwetu mimi. Hapo ndipo nashindwa kujua kama ni akili yangu inaongea au ni ugonjwa.

Wenye kuishi na wasiwasi huu, na ninyi mnaoishi na mtu mwenye nao, msiniambie niombe tu, naomba kila siku. Niambieni, nimngoje mume wangu mpaka wiki ijayo, au Alhamisi nimshike mtoto wangu mkono twende Kehancha?