Mzizi wa Kinamasini

Boke alijifunza kuchimba mzizi ule kwa mama mkwe wake, alipoolewa na Magige kijijini Kemambo. Unaota kwenye kinamasi bondeni, mahali ng'ombe huzama hadi magotini, na ukiukata unatoa harufu kali inayobaki mikononi hata ukinawa kwa sabuni. Hutuliza tumbo linalosokota, gesi na kuhara. Mama mkwe alimwonya kwamba mtu mzima apewe kidogo tu, mtoto mchanga asionjeshwe kabisa, na mwenye mimba asiuguse, maana unachokoza kizazi.

Boke aliyashika maneno hayo. Watu walimfuata kutoka Genkuru na Kewanja, na kila mwanamke aliyekuja alimvuta kando ya jiko akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana mimba. Wengine walichukia. Aliyesitasita alirudi mikono mitupu, akaambiwa aende zahanati. Hakuna aliyewahi kudhurika, na Boke alijivunia jambo hilo, ingawa hakulitaja.

Binti yake wa mwisho, Happy, mwenye miaka ishirini na mmoja, alikuwa akifanya kazi kwa mama lishe huko Kewanja. Masika yaliyopita alirudi nyumbani bila taarifa, amekonda, anatapika kila akinusa mafuta ya kukaangia. Alisema tumbo linamsokota, huenda ni samaki aliyekula. Boke alimwangalia. Wazo lilimjia, akalifukuza. Mwanamke wa watu ni rahisi kumuuliza. Binti yako ambaye hajaolewa, huku baba yake amekaa uani anasikia, ni kitu kingine. Magige alikwisha kutamka mbele ya ndugu zake kwamba binti atakayemletea mimba nyumbani atafute baba mwingine.

Basi Boke alichemsha mzizi, akamimina kikombe kidogo, akampa. Dawa iliyobaki aliiacha kwenye sufuria, akaenda kupalilia mihogo.

Aliporudi, sufuria ilikuwa tupu. Happy alikuwa amejikunja sakafuni, kanga yake imelowa damu. Boke alimwita Stanslaus, jirani mwenye bodaboda, wakampakia Happy katikati yao, yeye akimshikilia kwa nyuma hadi kituo cha afya. Huko wahudumu walimtazama mara moja tu, wakaita gari la wagonjwa limpeleke hospitali.

Mimba ilikuwa ya miezi minne. Damu ilikataa kukatika, madaktari wakamwondoa kizazi ili asife. Boke hakuficha alichompa. Daktari hakumgombeza. Alisema mzizi wa namna ile hakuna anayejua ukali wake. Unaochimbwa upande huu wa bonde unaweza kuzidi sana ule wa upande wa pili, na kikombe hakiwezi kukuambia.

Kesho yake Happy alifumbua macho, akamwona mama yake amekaa pembeni ya kitanda.

"Mama, usijilaumu," alisema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu mdogo nakusikia ukiwauliza wale wanawake. Uliponipa kikombe bila kuniuliza, nikajua hutaniuliza. Nikamaliza na iliyobaki."

"Ungeniambia, mwanangu."

"Ungemwambia nini baba?"

Boke alimtengenezea shuka miguuni, ingawa lilikuwa limekaa vizuri.

Nyumbani alimwambia Magige kwamba binti alikuwa na uvimbe tumboni na umetolewa. Magige hakuuliza zaidi. Tangu siku hiyo Boke hakushuka tena bondeni. Wanaokuja anawaambia ameacha, waende zahanati. Wachache huenda. Wengine wameanza kujichimbia wenyewe, na mtu akipita kinamasini huona mashimo mapya yamejaa maji.

Happy alipotoka hospitali, baba yake alichinja mbuzi. Alifurahi kweli, mnofu mzuri aliuweka yeye mwenyewe kwenye sahani ya binti yake. Akawaambia ndugu waliokuja kwamba Mungu ni mwema, mtoto amepona, na kuna familia moja ya Serengeti imeshamuulizia. Mwakani, alisema, ng'ombe wataingia boma hili, na wajukuu watafuata. Wageni wakaitikia. Happy aliinamia sahani yake akaendelea kutafuna polepole, na Boke akaondoka kwenda kuongeza kuni.