Siku Niliyoilima Mipaka ya Michenga

Daktari wangu hapendi namna ninavyoukumbuka msimu wa kulima. Anataka niukumbuke kama mgonjwa anavyokumbuka wodi. Mimi naukumbuka kama mtu anavyokumbuka ujana wake, na wala sioni haya. Miaka ile ya tisini nilikuwa dereva wa trekta Ifakara, na mvua za kwanza zikishaanguka, dereva wa trekta hakuwa mtu wa kawaida. Trekta zilikuwa chache, mashamba ya mpunga mengi, na kila mtu alitaka alimiwe kabla bonde halijajaa maji. Ukiingia kijijini akina mama wanakupigia vigelegele, watoto wanakimbilia nyuma ya jembe kuwinda panya, na wazee waliokuwa hawakujui mwezi uliopita wanakuita mwanangu.

Na chakula! Dereva alilishwa na mwenye shamba, na shamba lililimwa kwa kadiri ya sahani. Aliyeleta ugali na mlenda wa jana, jembe lilimkwaruzia juu juu tu. Aliyeleta wali na perege wa kukaanga, huyo ulimrudia mara mbili na salamu ukampa. Hakuna aliyelalamika. Kila mtu alijua mambo yanavyokwenda, na wanawake wa kijiji cha Michenga walikuwa na mikono mizuri ya kupika.

Mke wangu nilimwoa Mlimba, binti wa mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache na macho yasiyokosa kitu. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba nina misimu yangu mwenyewe. Mawingu yakianza kukusanyika juu ya milima ya Udzungwa, usingizi ulinipungua. Naongea haraka, nacheka ovyo, najenga nyumba za ghorofa kwa mdomo. Kisha mavuno yakifika, watu wana mpunga na ngoma zinalia, mimi nimelala nimegeukia ukuta, sitaki kuoga, sitaki hata salamu. Jirani alisema ni uvivu. Mama yangu alisema madereva wenzangu wameniroga kwa wivu.  Mke wangu alininywesha uji kwa kijiko, kisha akaenda kupepeta mpunga wake.

Halafu kulikuwa na majani. Mirungi haikuwa mmea wa kwetu. Ililetwa na malori ya wanunuzi wa mchele, imefungwa ndani ya majani ya mgomba ili ibaki mbichi, na sisi madereva tulikuwa wateja wa kwanza. Unatafuna vile vijiti laini, unaweka donge shavuni, unasindikiza na bablishi na soda ili uchungu upungue. Wenzangu walitafuna wakalima mfululizo, kisha wakaanguka wakalala kama magogo. Mimi nilitafuna nikaona kila kitu kimepata maana. Ndege juu ya mashamba walikuwa wanaruka kwa ajili yangu. Nilimwambia tajiri wa trekta kwamba tutanunua nyingine kumi na kulima hadi Mlimba, naye akafurahi, maana nililima kuliko madereva wake wote. Mtu akifanya kazi sana hakuna anayemuuliza kama ni mzima.

Mke wangu alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, alikwenda kwao Mlimba kujifungua, kama ilivyo desturi. Nikabaki peke yangu nyumbani, bila yale macho. Mvua zilipokaribia nilikuwa nimeshaanza kupaa, na majani yakaja juu yake. Ndipo ikafika siku ya Michenga.

Mashamba ya pale yalitenganishwa na mikanda myembamba ya nyasi isiyolimwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mipaka. Hapakuwa na ramani wala mawe, nyasi tu, na kila mtu alizijua nyasi zake. Asubuhi ile, nikiwa juu ya trekta, iliniingia akilini kwamba nyasi zile ndizo zinazotufanya maskini. Ndugu hawasalimiani kwa sababu ya nyasi! Nikazilima. Nilishusha jembe upande mmoja wa kijiji, nikaenda moja kwa moja hadi upande wa pili, nikageuka, nikarudi. Mwanzoni watu walishangilia, kwa kuwa nilikuwa nalima bure, hata mashamba ya wajane ambao zamu yao ilikuwa bado kabisa. Mchana nilikimbia mjini kuchukua dizeli, nikarudi, nikaendelea. Nilikuwa naimba. Udongo mweusi uligeuka nyuma yangu ukinukia mvua, shamba moja kubwa lisilo la mtu na la kila mtu, na nilijua kwa hakika kwamba nimezaliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na sijapata siku nyingine yenye furaha kiasi kile.

Jioni wenye mashamba walikuja kuangalia kazi, na hakuna aliyejua asimame wapi.

Mkutano wa kijiji uliitwa, na swali likawa moja: ni majani au ni ugonjwa? Kama ni majani, basi nimefanya kwa kutaka, napelekwa polisi na kazi ya udereva imekwisha. Kama ni ugonjwa, ni jambo la kusaidiana. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye benchi la mbele nikiwahutubia bila kuombwa, mpaka mwenyekiti akaniambia, "Ndugu, hebu tulia kwanza." Mke wangu, ambaye alikuwa amerudi kutoka Mlimba, akasimama na mtoto mgongoni.

"Shikamooni wazazi wangu," alisema. "Majani ametafuna, siwadanganyi. Lakini mwaka jana nilikuwepo, niliona. Usingizi ulimkimbia kwanza, majani yakafuata. Anayatafuta akiwa ameshapaa. Nyie mmeona mwisho wake tu."

"Sasa tukimnyima hayo majani atapona?" mzee mmoja akauliza.

"Sijui, baba. Ndiyo maana naomba nimpeleke hospitali."

Wakakubali. Mipaka waliirudisha wenyewe, kwa kamba na kelele nyingi, na nasikia kuna bibi mmoja aliyetoka pale na shamba pana kuliko alilokuwa nalo. Huyo kila akiniona ananibariki.

Hospitalini nilikutana na daktari wa kwanza aliyenieleza mambo yangu bila kunigombeza. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya kuchoka. Aliuita ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Alisema si majani yaliyonipa, ila yanauchochea. Nikianza kupanda nayatamani, nikiyatafuna napanda zaidi, na kadiri ninavyopanda ndivyo nitakavyoporomoka. "Kwa wenzako ni kukosa usingizi tu," alisema. "Kwako wewe ni hatari. Umeze dawa, ulale, na majani uyaache kabisa."

Nilimeza. Mikono ikatetemeka, kiu ikanishika, tumbo likatangulia mbele. Mavuno yalipofika sikugeukia ukuta. Nilipura mpunga na watu kwa mara ya kwanza tangu nioe, na mtoto wangu akajifunza kutambaa juu ya mkeka wa kuanikia. Vilikuwa vitu vizuri na nilijua ni vizuri. Lakini hakuna ndege aliyeruka kwa ajili yangu. Niliamka nikalima, nikala perege, na perege akawa samaki tu. Niliomboleza, nasema kweli, niliomboleza kama mtu aliyefiwa, na hapakuwa na wa kunipa pole maana kila mtu aliniambia hongera umepona.

Msimu uliofuata mawingu yakasimama tena Udzungwa, na malori ya mchele yakaja na majani yake. Sikununua. Ila niliviweka vidonge kando, nikaona afadhali nimweleze mke wangu kabla hajagundua. Nilimkuta barazani mchana anachambua mchele.

"Mama mtoto," nikamwambia, "nataka nipumzike dawa. Msimu huu tu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza kwa nini. Kwa mara ya kwanza nilimsimulia siku ya Michenga jinsi ilivyokuwa kwangu mimi, tangu asubuhi, udongo, wimbo, wajane waliokuwa wanacheka kwa mshangao. Nilimwambia kwamba yule dereva alikuwa mimi wa kweli na kwamba huyu anayemeza vidonge simjui vizuri. Nilikuwa na machozi. Aliniacha nikamaliza.

"Unaikumbuka yote, siku hiyo?" akauliza.

"Yote."

"Mchana ulipokwenda kuchukua dizeli, ulipita stesheni."

"Nilipita," nikasema. "Treni ya Mlimba ilikuwa imeshusha watu. Niliwapungia wote, nao wakanipungia."

Aliweka ungo chini.

"Nilikutumia ujumbe kwamba tunakuja siku hiyo. Nilisikia trekta nikajua umekuja kutupokea. Nikasogea hadi mbele kabisa, nikamnyanyua mtoto juu ili umwone, maana ulikuwa hujamwona tangu azaliwe. Ukatupungia mkono, ukapita. Tukatembea kwa miguu hadi nyumbani."

 Nilijaribu kuwakumbuka watu wa stesheni, na niliwakumbuka vizuri sana, nyuso zao, mizigo yao, mikono waliyoinua kunisalimu. Nilitafuta kati yao mwanamke aliyenyanyua mtoto. Hakuwepo. Niliinuka nikaingia ndani kuchukua vidonge.