Namba ya Siri ya Mama

Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nimeushiriki tangu mdogo wangu alipozaliwa na sijakonda hata kidogo. Waulize mafundi wanaonishonea magauni hapa Mbeya. Kwa hiyo sitajifanya mtu mwema katika habari hii. Nilikuwa na wivu kabla haijaanza, nikaendelea nao katikati, na mwisho wake mtauona wenyewe.

Tuko wawili tu kwa mama, mimi na yeye. Mimi niliolewa Mbeya, kwa Wanyakyusa, na nafanya biashara ya mchele: nanunua mpunga Chimala, nakoboa hukohuko, nauza mjini. Mdogo wangu anafundisha shule ya awali Iringa mjini. Mama anaishi kijijini, nje kidogo ya Mafinga, katika nyumba aliyojenga baba na kuizungushia mipaina. Baba alipofariki alituachia shamba la miti hiyo. Ilipokomaa, mama akaiuza, wanunuzi wakapitishia hela benki, na benki ikampa kadi.

Hela hiyo ilikuwa na kazi yake. Ilikuwa ya kujengea kaburi la baba kwa saruji na marumaru, na itakayobaki imsaidie mama uzeeni. Kwetu kaburi likikaa udongo mtupu muda mrefu, watu hawasemi kitu. Wanapita, wanaangalia, kisha wanakusalimia kwa upole uliozidi kiasi.

Siku ya kuchukua kadi, mdogo wangu ndiye aliyempeleka mama, kwa kuwa Iringa ni karibu. Tangu hapo, kila mama alipohitaji hela, mdogo wangu alipanda basi mpaka Mafinga, wakaenda pamoja kwenye mashine ya benki ya kutolea hela, mama akasimama pembeni na yeye akabonyeza. Sikuambiwa na mbea wa mtaani. Niliambiwa na mama mwenyewe kwenye simu, kwa furaha, kana kwamba ananipa habari za mvua nzuri.

"Mdogo wako ndiye ananibonyezea. Vidole vyangu vizito."

"Vizuri, mama," nikasema. Roho iliniuma mpaka ugali ukanishinda.

Naomba nieleweke. Sikutaka hela ya mama, mchele unanilisha. Nilitaka ile namba. Nilitaka mama aniite pembeni, kama anavyoitwa mtu wa kuaminiwa, aniambie tarakimu zake nne na aniase nisimwambie mtu. Siku moja nikajaribu kumzunguka. Nikamuuliza, je, akiugua ghafla na mdogo wangu yuko kazini, nani atamtolea hela?

"We una kwako, mwanangu," akanijibu. "Una mume, una mchele wako. Usijitwishe ya huku."

Alisema kwa upendo, najua. Lakini kwa binti aliyeolewa mbali, "una kwako" ni mlango unaofungwa taratibu ili usiamshe watoto. Nikakata simu nikiwa nimekwisha kujua namba ile ni ipi. Ni mwaka aliozaliwa mdogo wangu. Ingekuwa nini kingine? Picha ya mahafali yake imetundikwa sebuleni juu ya redio. Picha ya harusi yangu iko chumbani, nyuma ya mlango, na mama ameitundikia koti la mvua.

Basi siku ya mnada mama akaenda kununua mbegu ya viazi. Hela ya viazi aliifunga kwenye pindo la kitenge, lakini kadi ilikuwa kwenye kipochi, pamoja na kikaratasi chenye namba zetu za simu. Simu yake huisha chaji kila mara, na siku hiyo aliiacha dukani inachajiwa. Ndiyo maana hutembea na kikaratasi, ili akikwama aombe mtu ampigie. Aliyekiandika ni mdogo wangu. Ameandika "Mtoto, Iringa" juu, na chini yake "Dada mkubwa, Mbeya". Kipochi kikachomolewa katika msongamano, na mama hakujua mpaka alipofika nyumbani.

Mimi nilikuwa Chimala, kwenye mashine ya kukoboa, pumba zimenijaa mpaka kwenye kope. Simu ikaita, namba ngeni. Nikatoka nje nipate kusikia.

"Kamwene, dada."

Nimeishi Mbeya miaka mingi na Kinyakyusa chao nakijua. Lakini mtu akinisalimia kwa salamu ya kwetu, huwa simuulizi tena yeye ni nani. Nikaitikia kamwene kwa sauti ya kwetu kabisa.

"Naongea na dada mkubwa, wa Mbeya?"

"Ndiye mimi."

"Nakupigia kutoka benki, hapa Mafinga. Mama yako amepoteza kadi. Yuko hapa, tumemkalisha, presha imempanda kidogo. Tunataka tuifunge kadi haraka, ila mfumo unadai namba ya siri. Tumemuuliza mama, anasema tumpigie dada mkubwa. Anasema huyo ndiye anayemtegemea, na ndiye mwenye namba."

Mtu mwenye akili timamu angesema, nipe mama niongee naye. Nami nina akili timamu, nauliza bei ya gunia mpaka muuzaji anachoka. Lakini yule bwana alikuwa amesema maneno ambayo nimeyasubiri tangu utoto. Ndiye anayemtegemea. Nikatamani ayarudie. Na kusema "sijui" kungekuwa kumtangazia ofisa wa benki kwamba mama kaniita mbele ya watu na mimi sina nilichopewa. Hilo lisingetoka kinywani mwangu hata kwa kushikiwa panga.

Nikasafisha koo, nikautaja mwaka wa mdogo wangu, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuubonyeza.

"Asante sana, dada. Mama amebarikiwa kuwa na wewe," akasema, na simu ikakatika.

Nilirudi kwenye mashine nimevimba kichwa. Sikukaa nacho, simu ikaita tena. Safari hii ni mdogo wangu, anahema.

"Dada! Nakupigia, unatumika tu! Kuna tapeli ana kadi ya mama. Amenipigia anajifanya wa benki, anataka namba ya siri. Nimemkatia. Namba ya siri haitajwi kwenye simu, hata apige malaika. Amekupigia na wewe?"

Nilipaswa kuogopa. Badala yake nikauliza, "Alianza kukupigia wewe?"

"Dada, nakuuliza, amekupigia?"

"Hata mwizi ameanza na wewe!"

"Dada!"

Nikamwambia amenipigia, na nimempa. Nyuma yake nikawasikia watoto wa shule wakiimba vokali.

"Umempa nini, wakati hujui namba?"

"Nani kakwambia sijui? Si mwaka wako?"

Akacheka. Kilikuwa kicheko nisichokipenda, na kabla sijamfokea kikageuka kilio.

"Siyo wangu," akasema. "Ni wako. Ni mwaka wako, dada, tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye napanda basi. Mimi ndiye nafuatilia dawa zake. Halafu nikifika pale kwenye mashine, nabonyeza mwaka wako. Unafikiri nilikuwa nafurahi?"

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Nilijisikia kama mtu aliyepakwa mafuta ya nazi mwili mzima. Hofu ya hela ilikuja baadaye, ikapanga foleni. Mdogo wangu ndiye aliyepata akili ya kuipigia benki waifunge kadi, mimi nikaacha mpunga kwenye mashine, nikadandia basi. Igawa wauza vitunguu wakagonga dirisha nami nikawatabasamia wote bila kununua.

Tulikutana Mafinga, benki, sisi wawili na mama, ambaye mdogo wangu alimpitia kijijini. Macho ya mdogo wangu yalikuwa mekundu na hakuniangalia. Dada wa benki akatueleza: mtu alijaribu kadi kwenye mashine na namba isiyo sahihi, akajaribu tena na tena, mashine ikaimeza. Hela ilikuwa salama. Kaburi la baba lilikuwa salama. Kama ningejua kuwa mama ananipenda kiasi kile, ningetaja mwaka wangu, na sasa tungekuwa tunalia.

"Mama," nikamuuliza palepale kwenye benchi, maana sikuweza kungoja, "kwa nini uliweka mwaka wangu?"

"Mdogo wako namwona," akasema. "We uko mbali. Nikaona nikuweke pale, kila nikitoa hela na wewe uwepo."

Nilimwangalia mdogo wangu ili nihakikishe amesikia. Alikuwa amesikia.

Kisha dada wa benki akamwita mama aandaliwe kadi mpya, nasi tukasogea naye. Akamsomesha vizuri. Benki haimpigii mtu simu kumuuliza namba ya siri, si kwa kufunga kadi, si kwa kuifungua. Ukipigiwa hivyo, kata, uje mwenyewe tawini. Kadi isikae pamoja na namba za simu za watoto. Na mwaka wa kuzaliwa wa mtu usiwe namba ya siri, kwa sababu anayeijua familia anaweza kuukisia, kama dada mkubwa alivyojaribu kuukisia. Alisema hivyo huku ananitazama mimi.

Mama akafikiri sana, kidole juu ya midomo.

"Sasa niweke nani?" akauliza.

"Mama, usiweke mtu. Weka tarakimu tu," dada wa benki akasema.

Mama akamwangalia kwa huruma, kama anayemtazama mtu anayepika bila chumvi. Nilitaka kusema, niache mimi. Nimekaa mle ndani miaka yote bila kujua, na siku ninayoambiwa ndiyo siku ninayotolewa, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, na mdogo wangu anashuhudia.

"Nyie mkakae kule," mama akasema, akatuonyesha benchi la ukutani. "Wote wawili."

Tukaenda. Mama akaifunika mashine ndogo ya kuwekea namba kwa pindo la kitenge, akainama, akabonyeza mwenyewe kwa vile vidole alivyosema ni vizito. Hakukosea. Aliporudi, kadi ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye kitenge.

"Umemweka nani?" tukauliza kwa pamoja, mimi na mdogo wangu.

"Njaa inaniuma," mama akasema. "Twendeni tukale."

Tukamfuata, mmoja kulia na mwingine kushoto. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tulikuwa tumenyimwa sote wawili, sawasawa. Na bado, kabla hatujavuka barabara, nilimwona mdogo wangu akikitazama kile kitenge, nikajikuta naanza kuchunguza uso wake, labda yeye ameiona ile namba.