Fomu ya Ridhaa na Ufunguo wa Stoo

Likizo ile wenzangu walikuwa Temeke wanacheza chandimu, mpira wa mtaani. Mie nilikuwa nimefungiwa stoo ofisini kwa mama mdogo, katikati ya maboksi ya mikataba, na feni iliyokufa kwa mgao wa umeme.

Mama mdogo alikuwa akiandaa mikataba na maandiko ya kuombea fedha kwenye mradi wa utafiti wa dawa ya malaria. Ajira yake ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi. Wafadhili wakilikubali andiko jipya, anabaki kazini, na mie nabaki kwake. Wakilikataa, narudi Singida kwa babu, kuchunga mbuzi walionizidi akili.

Kilichobaki kilikuwa fomu ya ridhaa, ile anayosomewa mgonjwa kabla hajakubali kujaribiwa dawa. Mama mdogo alishaitafsiri kwa Kiswahili. Taratibu zilitaka mtu mwingine, ambaye hajaiona ile ya mwanzo ya Kiingereza, airudishe kwenye Kiingereza, kisha zilinganishwe. Mwalimu aliyezoea kuifanya kazi hiyo alikuwa msibani Kigoma. Nikapachikwa mie wa kidato cha nne, na mlango ukatiwa ufunguo nisije nikachungulia.

Nikafika pasemapo: unaweza kujitoa wakati wowote, na hakuna atakayekukasirikia. Nikagonga.

"Mama mdogo, nimejitoa."

"Wewe si mgonjwa. Kaa."

"Si imeandikwa hakuna atakayenikasirikia?"

"Mie nitakukasirikia. Andika, dokta anaondoka na bahasha saa tisa."

Nilipomaliza akanifungulia. Dokta, mkuu wa mradi, alikuwa ameshafika.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Lete."

Akasoma karatasi yangu, akasoma ya mwanzo, akarudi kwenye yangu. "Hapa umeandika tutamtibu mpaka apone. Umeitoa wapi?"

"Kwenye Kiswahili cha mama mdogo."

Ya mwanzo ilisema watatibiwa kwa muda wa mradi tu. Mama mdogo akatazama meza.

"Dokta, mtu anaumwa. Unamwambiaje siku ya kwanza kwamba mradi ukiisha tunamwacha?"

"Ndivyo itakavyokuwa, dada. Wafadhili wakiiona hiyo, andiko zima litarudi."

Mama mdogo akavuta taipureta, akaandika upya: kwa muda wa mradi tu. Aligonga herufi moja moja, yeye ambaye siku zote alikuwa akichapa huku anatusimanga. Mie nilikuwa na utani wangu tayari. Nikaumeza.

Andiko likakubaliwa. Siku mama mdogo alipoleta mkataba wake mpya nyumbani nilimpokonya nikausoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, mpaka nikafika kwenye muda wa ajira.

"Kwa muda wa mradi tu," nikasoma.

"Najua. Nimeuchapa mwenyewe."

"Na kujitoa wakati wowote?"

"Hicho ni cha wagonjwa." Akanyoosha mkono nimrudishie. "Na likizo ijayo usipange mpira. Mwalimu kahamia Kigoma moja kwa moja."

Mbuzi wa Singida wakaanza kunipendeza.