Futi ya Fundi Selemani

Mume wangu, Selemani Matano, alikuwa fundi cherehani wa Miyomboni, hapa Iringa mjini, na kama yuko mtu aliyeogopa maradhi kumshinda yeye, basi mimi sijamwona. Akipiga chafya anataka uji wa pilipili manga. Jino likimuuma anaanza kuniusia cherehani apewe nani. Baba yake alimleta huku kutoka Pangani akiwa mdogo, lakini baridi ya Iringa hakuizoea hata siku moja. Mwezi wa saba anashona na koti juu ya kanzu, dirisha kalifunga, pasi ya mkaa inafuka moshi pembeni. Ila kazi yake, weee! Mtu akipita tu barabarani, Selemani anakwambia kiuno chake inchi ngapi.

Baada ya cherehani alipenda gazeti. Lilikuja na basi la kampuni ya Reli, limeshachelewa siku nyingi, na yeye alilisoma kwa sauti kwa sababu wengi wetu hatukuyajua maandishi hayo ya Kizungu. Mimi nilisoma chuoni kwa mwalimu, Kurani naijua, lakini la gazeti mpaka nisomewe.

Mwaka wa hamsini na sita, baridi imekolea, Ijumaa moja alirudi nalo kutoka msikitini akanikuta uani nachambua mchele, mwanetu Bibie yuko mapajani ananyonya.

"Sikiliza, Mama Bibie. Daktari ameandika dalili za kifua kikuu." Akalikunja gazeti vizuri. "Kikohozi kisichokwisha. Uchovu wa jioni. Jasho la usiku hata kukiwa na baridi. Kukonda. Damu kwenye makohozi." Kila akisoma neno anajishika, mara kifua, mara shavu. "Lahaula! Si mimi huyu?"

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu ili asinitazame usoni. Yeye alikuwa na kikohozi tu, tena cha moshi wa pasi yake. Jasho la usiku lilikuwa langu. Uchovu ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakohoa jikoni, nikiufunika mdomo kwa khanga na kuusingizia moshi wa kuni, na khanga hiyohiyo nilikuwa naikaza kiunoni kila asubuhi kwa sababu ilikuwa inateleza.

"Na linasema huruka kwa kukoholeana," akaendelea. "Zaidi kwa watoto wadogo."

Nikamtoa Bibie kwenye ziwa. Akalia, nikamrudisha. Ningefanya nini?

Mtu asiniulize kwa nini sikusema palepale. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwepo Apolonia, mama Mhehe aliyeuza viazi sokoni. Alipoonekana ana kifua kikuu alipelekwa hospitali ya Kibong'oto, kule Moshi, akakaa mwaka na zaidi, mtoto wake akabaki kwa bibi. Apolonia alirudi mzima, kanenepa, uso unang'aa. Alipopiga magoti na kunyoosha mikono, mtoto alimkimbia akajificha nyuma ya bibi yake. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Tangu siku hiyo jina la Kibong'oto likitajwa, namchukua Bibie nampakata.

Basi tukaogopa wawili, yeye kwa makelele na mimi kimya. Selemani akaanza kujipima. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda anavua koti, anajizungushia futi yake ya kupimia nguo kifuani. Akitoa pumzi, futi inasema amekonda. Akivuta pumzi, inasema amenenepa.

"Mbona inanidanganya hii?" anasema.

"Inakudanganya au unaidanganya?" namjibu. "Hebu kunywa chai yako, wewe mzima."

Lakini moyoni namwonea wivu. Yeye aliweza kuitaja hofu yake mbele ya watu wote, barazani, hata wateja wakamtania kwamba atashona sanda yake mwenyewe na kuitia mifuko.

Siku zilezile alikuwa na kazi ya misheni ya Tosamaganga, majoho mekundu ya watoto wanaotumikia altareni. Pindo zake alizishona kwa mkono. Na Selemani alikuwa na mazoea yake ya kiufundi, uzi anaulowesha mdomoni kabla ya kuutia kwenye tundu la sindano, na akiwa na haraka anaushika kwa meno mpaka amalize.

Adhuhuri moja nikamsikia ananiita kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Nilimkuta amekaa chini, leso iko mkononi. Amekohoa, ametema, na leso ina wekundu.

"Mwamvita," akasema. Jina langu hakuwahi kulitaja tangu tumzae Bibie. "Mwamvita, ndiyo hii."

Nilijua mara moja kwamba ni mimi. Ni mimi niliyemwambukiza. Nimelala naye shuka moja, nimemwonjea uji kwa kijiko chake, nimekohoa usiku chinichini nikimgeuzia mgongo, nikidhani mgongo unatosha. Na kama baba ameshikwa, mtoto je? Nikamletea maji asukutue, ndilo nililoweza.

Kesho yake alfajiri alipanda lori la misheni pamoja na majoho yake, akaenda Tosamaganga kupimwa. Alikaa huko siku kadhaa, na siku hizo sikula kitu kikashuka. Nilimnyonyesha Bibie nimejifunga khanga puani na mdomoni. Yeye akadhani ni mchezo, akawa anaivuta na kucheka. Kila akicheka mimi nalia.

Alirudi Jumamosi mchana. Nilimsikia tangu barabarani, anawasalimia watu kwa kelele.

"Mzima!" alisema akiingia uani. "Wameniwekea mpira wa kusikilizia kifuani, wamenigonga mgongo, wametazama makohozi yangu kwenye darubini. Mzima kabisa! Unajua Sista Rozalia kaniambia nini? Kanikuta namalizia pindo, uzi mdomoni, kanitazama ulimi, kacheka mpaka kashika ukuta. 'Fundi, umekula uzi!' Ule uzi mwekundu wa bei rahisi, Mama Bibie, unatoa rangi! Nimetema uzi!"

Nikamcheka, nikamwita mjinga, nikamshukuru Mungu, yote kwa pamoja. Kwa muda mfupi nilisahau kabisa. Kisha kikohozi kikanipanda, nikakimeza.

Akafungua kifurushi. Alikuwa amepitia dukani akachukua kitambaa cha maua ya samawati. "Gauni lako," akasema. "Umenivumilia na uchuro wangu. Simama nikupime."

"Vipimo vyangu si unavijua? Kata tu."

"Leo nimefufuka, nataka kupima sawasawa. Simama, mwanamke!"

Nilisimama. Ningekataa angeuliza. Bibie alikuwa amekaa mkekani anatafuna kipande cha kitambaa. Selemani akanifungua khanga niliyoikaza, akapitisha futi kiunoni, bado anacheka, bado anasimulia habari za Sista. Akasoma. Akaivuta tena.

"Futi imeharibika hii," akasema.

Akajizungushia mwenyewe kifuani, akatoa pumzi, akavuta. Ilimpa vipimo vyake vilevile vya kila asubuhi. Akarudi kwangu, akapima kifua, akapima mkono juu ya kiwiko, polepole. Alipomaliza, aliinua macho akanitazama usoni, na hapo sikuweza tena, nikakohoa mbele yake, kikohozi chote, mpaka nikainama.

"Jasho?" akauliza.

"Kila usiku."

"Tangu lini?"

"Ulipokuwa unasoma gazeti, yote yalikuwa yangu," nikasema. "Nimeogopa, Baba Bibie. Nimeogopa mwanangu atanikimbia."

Hakunigombeza. Laiti angenigomba. Alikaa kitako, futi imening'inia shingoni, akaufunika uso kwa viganja. Halafu akasema lori la misheni litashuka mjini Jumatatu, na atanipeleka yeye mwenyewe.

Bibie aliona nimekaa, akatambaa kuja kunyonya kama kawaida yake. Alikuwa ameshafika gotini kwangu Selemani alipomnyanyua. Alimnyanyua taratibu, akamlaza begani pake na kumgeuza uso upande wa pili, asinipumulie wala nisimpumulie. Mtoto akapiga kelele, akajipinda, akaninyooshea mikono yote miwili.

Mikono yangu nikaikalia.