Siku za Mnada za Warumi

Mpaka leo nikiona kalenda ya duka imetundikwa ukutani hasira zinanipanda, na sioni sababu ya kuzificha.

Miaka ile ya ruksa, kila mtu alipogeuka mfanyabiashara, nilikuwa nachapa kwenye duka la uchapishaji Musoma mjini. Bosi wangu alikuwa amepata kompyuta, ya kwanza mtaani kwetu. Mwalimu mmoja wa Kilatini akatuletea diski yenye programu ya kutengeneza kalenda za Kirumi, akaagiza nakala za wanafunzi wake. Chini ya kila tarehe yetu programu iliandika tarehe ya Kirumi, na Warumi hao hawakuhesabu siku zilizopita. Walihesabu zilizobaki kufikia siku tatu maalumu za mwezi. Iliweka pia herufi A hadi H, maana soko lao lilirudi kila baada ya siku nane. Mwalimu alinieleza hayo yote akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, na nilimwelewa vizuri sana.

Kalenda zilipendeza. Bosi akaona zinaweza kuuzika Bunda na Butiama, ila nani angenunua Warumi? Akaniambia niandike chini, kwa maandishi mazito: Herufi A ni siku ya mnada.

"Lakini bosi, hizi ni siku za soko la Warumi."

"Soko si soko tu? Watu wanaangaliaga mnada, Warumi hawawaangaliagi. Andika, binti."

Nikaandika. Sikubisha mara ya pili. Nilikipenda kile kiti cha mbele ya kompyuta, nikaogopa kukipoteza, na woga huo unaniudhi kuliko ujanja wake.

Nakala moja nilimpelekea baba kijijini, upande wa Nyamuswa. Nilitaka tu aitundike, wageni waone kazi ya mwanawe. Sikufikiri angeitumia kwa mnada, kwa sababu siku za mnada kijiji kizima kilikuwa kinamuuliza yeye. Alikuwa na kibuyu cha kokoto, kila asubuhi anatoa moja, zikiisha ni siku ya mnada, na majirani hawakuswaga ng'ombe bila kupita kwake kwanza. Lakini mwaka ule mnada ulikuwa umehamishwa siku mara mbili bila taarifa ya maana, na hesabu yake ikavurugika. Kalenda ikamkuta hapo. Ilikuwa imechapwa kwa mashine, na aliyeichapa ni binti yake. Akaamini, akawatangazia majirani.

Wanaume kumi na wawili waliamka alfajiri wakaswaga ng'ombe mpaka uwanja wa mnada. Hawakukuta mnunuzi, wala mchoma nyama, wala karani wa ushuru. Walikuta nyasi. Wakati wa kurudi ndama mmoja dhaifu alilala njiani, hakuinuka tena. Mwenye ndama, mtu ambaye siku zote alimwita baba "kaka", alimtukana mbele ya wote. Baba hakuitaja kalenda, wala hakunitaja mimi.

Habari zilipofika mjini nilimvaa bosi. Akacheka! "Si waende siku nyingine?" Na pale mezani alikuwa anafunga mzigo wa kalenda zilezile za kupeleka Buhemba. Nikaacha kazi na kupanda basi la nyumbani, nimejaa maneno mpaka kooni.

Nikamwambia baba kwamba nitapita nyumba kwa nyumba kueleza kuwa kosa ni la duka, ni la bosi, ni la ile mashine.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Haya maneno ya chini, nani aliyachapa?"

"Ni mimi, baba."

"Ulikuwa unajua si kweli?"

"Nilikuwa najua."

"Basi kaa chini. Wakinisema mimi nimezeeka, hesabu zinanipotea, hiyo naiweza. Wakisema binti yangu alijua, akaandika hivyohivyo, hiyo siiwezi."

Nikakaa na hasira zangu, na hapakuwa tena na mtu wa kumtupia.

Asubuhi ya mnada wa kweli majirani walipita mbele ya nyumba yetu na ng'ombe wao. Baba alisimama barazani akiwasalimia mmoja mmoja. Waliitikia vizuri tu, wakaendelea na safari. Siku ya mnada walikuwa wameiuliza nyumba nyingine.