Joto la mgongoni

Juzi mpakani muuguzi alitupima homa kwa kamera mpya ya joto. Ya zamani ilikuwa lazima ipozwe kwanza. Hii inafanya kazi hata juani.

Mama mwenye beseni la ndizi alipopita, muuguzi akamsimamisha.

"Mama, mugongo yako iko na moto. Umebeba nini?"

"Hakuna. Mutoto nimetoka kumuachia dada yake, pale nyuma."

Muuguzi akamgeuzia kioo cha kamera. Kwenye kitenge kilichobaki mgongoni palionekana doa jekundu, umbo la mtoto aliyelala, nalo likififia.

"Anaanza kupoa!" mama akasema, kana kwamba doa lile ni mtoto mwenyewe, akatua beseni, akakimbia kumfuata.

Hapa Goma hatuachiani foleni. Lakini aliporudi amembeba, tulimpisha mpaka mbele, na beseni lake tulishalisogeza.